Waitaliano wangu wamedoda: kwa nini askari wa mataifa mengine hawana wateja?

SWALI: "Shikamoo mzee. Kwetu Tanga ila kazi ipo Birmingham. Mwaka wa saba huu nakusanya na kupaka rangi askari wadogo, zaidi wa 1/35, yaani mtu mara thelathini na tano ndogo, na wachache wa 54mm kwa urefu. Nimejikita kwa Waitaliano wa vita ya pili kwa sababu babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana nao kule Uhabeshi, ninao pia Wahabeshi kidogo na askari wa Wabelgiji wa Congo. Shida yangu kila nikipanga meza kwenye maonesho watu wanapita kama hawanioni, wanaenda kujazana kwa jamaa mwenye vifaru Tiger vya Mjerumani. Mwezi uliopita nikajaribu kuuza, Wajerumani wanne niliokuwa nao waliondoka saa ya kwanza, Waitaliano ishirini nimerudi nao nyumbani. Jamaa mmoja akaniambia hakuna anayetaka jeshi lililoshindwa. Ni kweli? Nihamie kwa Wajerumani? Halafu kingine, nimenunua boksi jekundu la zamani, askari wanane wa risasi (yale madini mazito) wenye tarbushi nyekundu, limeandikwa King's African Rifles, wawili wanatoka unga mweupe miguuni. Mtu ananipa pauni 30. Nimpe?"

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenifungia mambo mawili kwenye furushi moja, sasa ngoja nitoe lile la haraka kwanza: huyo mtu wa pauni 30 usimpe, sio leo, na hao wawili wenye unga usiwashike kwa mkono mtupu halafu ukaenda kula andazi. Nitarudi huko chini. Tuanze na hili linalokukera, la watu kuipita meza yako, maana naona limekuingia rohoni na mimi nalijua, nimekaa nyuma ya meza kama hiyo siku nzima namenya chungwa peke yangu.

Huyo jamaa wa jeshi lililoshindwa kakudanganya, au tuseme hajafikiri. Mjerumani alishindwa vita ya kwanza akashindwa na ya pili, na ndiye anayegombaniwa kuliko wote. Napoleon alipigwa Waterloo mwaka 1815 na mpaka leo walinzi wake wale wenye kofia ndefu za manyoya hawakosekani kwenye duka lolote la vitu hivi. Wale wa kusini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, hivyo hivyo. Kwa hiyo kushindwa siyo sababu.

Na ushujaa pia siyo sababu. Najua umeshasikia ule utani wa Mwitaliano kukimbia, kila maonesho kuna mzee mmoja lazima autoe akipita mbele yako, akacheka mwenyewe. Ule utani una asili yake: kati ya Desemba 1940 na Februari 1941 Waingereza waliteka Waitaliano kama 130,000 huko Misri na Libya, picha za foleni za mateka zikazunguka dunia nzima, na ndiyo ikawa hadithi. Lakini miezi hiyo hiyo, kule Keren nchini Eritrea, Waitaliano na askari wao wa Kieritrea walikaa kwenye yale majabali kuanzia mwanzoni mwa Februari hadi karibu mwisho wa Machi wakipigwa mizinga na ndege na hawakutoka kirahisi. Culqualber karibu na Gondar, Novemba 1941, karabinieri, polisi wa kijeshi wa Italia, walipigana mpaka wakabaki wachache sana, na waliokuwa wanapanda kile kilima kuwafuata ni pamoja na Keya wetu. Babu yako kama alikuwa upande ule hakuwa anafukuza kuku. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na aliyeamba ngoma ya vita ile kwa Kiingereza hakuwa Mwitaliano wala hakuwa Keya.

Sasa sababu ni nini. Askari wa plastiki mama yake ni kalibu, na kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki ni ghali kweli kweli, tunaongelea makumi ya maelfu ya dola kabla hujauza hata boksi moja. Jiweke kwenye kiti cha mwenye kiwanda. Una hela ya kalibu moja mwaka huu, unatengeneza nini? Utatengeneza kile ambacho mwenzako alitengeneza mwaka jana kikaisha, ambacho ni Mjerumani. Mwakani unarudia. Hapo mteja naye akiingia dukani anakuta rafu nzima ya Wajerumani na boksi moja la Waitaliano limejificha nyuma ya makopo ya rangi, ananunua Mjerumani, na wewe mwenye kiwanda unasema si mnaona, watu wanataka Mjerumani. Ni duara. Tiger yenyewe hiyo inayokunyima raha ilitengenezwa kama 1,350 tu vita nzima, Sherman ya Marekani karibu 50,000, lakini ingia duka lolote uhesabu maboksi, utadhani Mjerumani alikuwa nazo Tiger mpaka za kwendea sokoni.

Huyo wa 1/35 unayempenda kaja hivyo hivyo kwa bahati. Tamiya wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 60 walitoa kifaru cha Panther chenye mota, wakakipa ukubwa ambao ungeingiza mota na betri ndani, baadaye wakapima wakakuta ni kama 1/35. Yaani skeli ya dunia nzima imetokana na betri! Na kifaru kilichofungua mlango kilikuwa cha Mjerumani, waliofuata wakafuata njia ile ile.

Ukienda nyuma zaidi kwa hawa wa risasi utakuta duara lile lile ila mwenye uamuzi alikuwa mtoto wa Kiingereza na hela ya baba yake. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilipata ujanja wa kumwaga madini kwenye kalibu, ya nje yakishaganda unaipindua haraka yale ya ndani ambayo bado ni uji yanatoka, unabaki na askari mwenye tumbo tupu. Madini kidogo, bei ndogo, wakawapiku Wajerumani waliokuwa wanauza askari mzito wa ndani na nje. Seti namba 1 ilikuwa Life Guards, wale wapanda farasi wa malkia, na ukiangalia orodha yao unaiona Uingereza inajiangalia kwenye kioo: walinzi, bendi, wapanda farasi, Waskochi, Wahindi wa mfalme. Wageni waliingia gazeti likiwataja. Makaburu wakati wa vita ya Makaburu, Mrusi na Mjapani walipopigana 1904, Muitalia na Mhabeshi 1935. Vita ikiisha gazetini, mtoto hataki tena, seti inadoda, kiwanda kinapunguza.

Na hata nyumbani mgawanyo ulikuwa wazi. Winston Churchill alipokuwa mtoto alikuwa na askari karibu 1,500, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba jeshi lake lilikuwa la Kiingereza lote, mdogo wake Jack akapewa jeshi la adui kwa masharti: awe na askari weusi na wa rangi tu, na mizinga marufuku. Mimi nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ndiyo unajua sasa kwa nini taifa fulani likawa la kununua dazeni tano na lingine la kununua boksi moja ili kuwe na wa kupigwa.

Lakini hapa kuna kitu wengi wanakikosea na nakuomba ukishike vizuri kwa sababu kinahusu boksi lako. Kutopendwa na kuwa rahisi ni vitu viwili. Kile kilichododa mwaka 1936 kilitengenezwa kidogo, kikanunuliwa kidogo, kwa hiyo leo kimebaki kidogo, na wapo watu wachache wanaokitafuta kwa udi na uvumba. Walinzi wa jaketi jekundu wa kampuni ile ile wapo tele mnadani, unaweza kuwapata wamefungwa na kamba kwenye sanduku la kiatu. Kwenye vitu vya zamani wanunuzi wawili wenye shauku wanatosha kupandisha bei kuliko wanunuzi mia wa kitu kilichojaa kila mahali. Kwenye plastiki mpya ni kinyume, kiwanda bado kinaweza kuchapa tena kesho asubuhi, kwa hiyo Waitaliano wako ishirini uchache wao haukusaidii kitu.

Kuna suala la macho pia. Mtu anayepita kwenye maonesho anakupa sekunde mbili, tatu. Kofia ya chuma ya Mjerumani anaitambua akiwa mlangoni, kabla hajajua kwamba kaitambua. Halafu Mjerumani ana zile nguo za mabaka kila aina, mpakaji rangi anafurahi, anajipima mkono wake. Mwitaliano wa vita ya pili kavaa kijivu cha kijani au kaki, ukisimama mita tatu ni kama vumbi limesimama. Ushahidi ni Bersaglieri, wale wenye manyoya ya ndege kwenye kofia, hao ni Waitaliano hao hao, jeshi hilo hilo, na wanauzika vizuri tu! Kama kwenye ishirini wako hakuna hata mmoja mwenye manyoya hapo nakulaumu kidogo.

Na kuna uoga wa kukosolewa, ambao hauzungumzwi. Mpakaji rangi akichukua Mjerumani ana vitabu mia vya kumwambia kifungo hiki rangi gani. Akichukua Mhispania wa 1808 ambaye jeshi lake lilikuwa linavaa chochote kilichopatikana, au askari wa Kihabeshi, anajua atatokea mjuaji mmoja aseme mkanda huo siyo. Basi anaona yanini, anarudi kwa Mjerumani. Binafsi naona ni kinyume, pale pasipo na vitabu ndipo una uhuru, lakini watu ndivyo walivyo.

Jambo la mwisho kwenye hili, na nadhani ndilo linaloipiga meza yako hasa: askari anataka mwenzake. Wachezaji wa vita vya mezani hawanunui jeshi, wananunua mechi. Mjerumani ana Mrusi, ana Mwingereza, ana Mmarekani, popote ukienda na jeshi lako utapata wa kucheza naye. Mwitaliano wa Afrika Mashariki mwenzake ni Keya, Mhindi, Msauzi na Mhabeshi, na Keya wa vita ya pili kumpata ni kazi, viwanda vikubwa vya plastiki havikumjali. Kwa hiyo wewe umepanga Waitaliano ishirini wanamtazama nani? Wahabeshi wachache na ukuta. Umeniandikia barua nzima babu yako alikuwa Keya, na kwenye meza hakuna Keya.

Nikupe mfano wangu. Kuna mwaka nilikuwa na Waitaliano kama wako, nikachoka kuwaweka kwenye mistari. Nikachukua sita tu, nikawavua silaha, bunduki nikazikata kwa wembe, nikawatengenezea lile kanisa dogo la mateka wa Kiitaliano pale Mai Mahiu, kwenye barabara ya zamani ya kuteremka bonde la ufa kwenda Naivasha, lile walilojenga 1942 walipokuwa wanachonga barabara. Kanisa lenyewe nililifanya kwa boksi la chai na udongo wa kufinyangia. Mmoja alikuwa amechuchumaa na mwiko wa mwashi mkononi, niliutengeneza kwa kipande cha kopo la samaki, na pembeni Keya mmoja mlinzi kaegemea bunduki anamwangalia kama mtu anayesubiri basi. Basi siku ile sikumenya chungwa. Watu walisimama, wakauliza huyu nani, hapa wapi, kwani Waitaliano walifika Kenya? Mama mmoja wa Kinaijeria akaita watoto wake. Yule mzee wa utani alikuja na utani wake mdomoni, akaangalia yule wa mwiko, akameza. Askari walikuwa wale wale waliododa mwaka uliotangulia.

Kuhusu hao wa Congo niseme kwa kifupi. Force Publique, ndilo jina la jeshi lile la Wabelgiji, walipigana kweli kweli, ndio walioingia Tabora Septemba 1916, lakini jeshi lile lile lina historia ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu kulazimishwa kuvuna mpira na mikono iliyokatwa, na mtu wa Ulaya akiliona hajui aweke uso gani. Wengi wanachagua kupita. Ukiwapanga weka kadi ndogo yenye maneno matatu manne, Tabora 1916, wabebaji wa mizigo wawepo pia, maana wale ndio waliokufa wengi. Ukiwaweka bila maelezo utaulizwa maswali ambayo hutayapenda.

Haya, sasa uhamie kwa Wajerumani? Tupime. Ukihamia utauza, hilo halina ubishi, umeliona mwenyewe. Lakini utakuwa mtu wa thelathini na moja kwenye ukumbi mwenye Tiger, na ili usimamishe watu hapo inabidi upake rangi kuliko hao thelathini. Na kuna alama za Kinazi, ukipeleka au kutangaza Ujerumani kule zina sheria kali, na hata hapo Uingereza kuna wateja ambao utawapoteza kwa kuona SS, kile kikosi cha Kinazi, tu mezani. Na sikufichi, sioni wewe ukikaa usiku na miwani unapaka mabaka ya Mjerumani kwa raha, mtu aliyeanza hobi kwa ajili ya babu yake.

Ninachoweza kukushauri kama kaka mkubwa, weka Wajerumani wachache wa biashara, wale wanne wanne, wanunulie rangi na gundi. Waitaliano endelea nao lakini wapunguze, sita wenye kitu wanachofanya ni bora kuliko ishirini waliosimama. Keya watafute kwa mafundi wadogo wanaomwaga madini kwenye kalibu za mpira, kwa sababu kalibu ya mpira ni bei chee na fundi haogopi kutengeneza taifa lenye wateja arobaini duniani, na siku hizi kuna wa risini na wa printa ya 3D ambao unaweza kuchapishiwa hata kumi tu. Ukishindwa kabisa badilisha vichwa, mwili wa Mwingereza wa kaptula, kichwa kingine, mikono upake upya, ila uso usipake kahawia moja bapa kama kopo la kiwi, changanya, weka mwanga kwenye shavu na paji. Na kama ulikuwa unategemea hizi plastiki zilizopakwa zije zikuwekee akiba, hapo nitakuwa mkweli hata kama inauma, nyingi hazirudishi hata hela ya rangi na masaa yako. Mjerumani wala Mwitaliano.

Turudi kwenye boksi. Kampuni ile ile ya William Britain, wengi huiita Britains, ilitoa King's African Rifles kama seti namba 225, kaki na tarbushi nyekundu, wanane kwa boksi, kwa hiyo maelezo yako yanaelekea huko, na hawa wa risasi waliacha kutengenezwa 1966. Kuna mambo ya kuangalia kabla hujafungua mdomo kuhusu bei. Wapindue uangalie chini ya kitako, kuna maandishi ya kampuni au alama ya karatasi iliyobaki? Boksi lina lebo yake na kile kikaratasi cha ndani wanachofungiwa na uzi? Rangi ni ya zamani au kuna fundi kama wewe aliyepita na brashi? Nakusihi, usipake. Najua mkono unawasha. Askari wa zamani mwenye rangi yake iliyobanduka nusu ana thamani kuliko aliyepakwa upya akang'aa kama gari la harusi.

Unga mweupe ni risasi inaoza. Inatokana na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa mwaloni, na mbao za kubandika kwa gundi, na maboksi ya karatasi yenye unyevu, ukichanganya na kabati lililofungwa askari hapati hewa, anaanza kuoza miguuni kwa sababu ndipo rangi imechubuka. Hao wawili watenge leo, wasikae na wenzao. Vaa glavu, usiwasugue, usiwapulize, usiwapige msasa, ule unga ni sumu ukiuvuta au ukiula. Waweke kwenye kioo au kabati la chuma sehemu kavu, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Boksi lenyewe lihifadhi pembeni, bapa, askari wasirudi humo kulala.

Kisha hapa mimi wa maandishi naishia, lazima mtu awaone kwa macho. Nenda kwenye nyumba ya mnada yenye mtaalamu wa midoli ya zamani, Uingereza zipo kadhaa, nyingi zinakadiria bila malipo, na usiishie moja, nenda mbili. Huyo wa pauni 30 anaweza kuwa mwaminifu, ila mtu anayetoa bei kabla hujauliza huwa ananitia wasiwasi. Kwa wale wawili wanaooza tafuta mhifadhi wa vitu vya madini, hata kupitia makumbusho ya karibu yako, usijaribu dawa za kwenye video. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo na una wasiwasi amewashika au amemtia mmoja mdomoni, usisubiri aumwe, mpeleke kwa daktari na useme wazi alikuwa na askari wa risasi, kuna kipimo cha damu cha kuangalia hilo.

Ukishawapindua nitumie picha. Nyuso nimeshaziona nyingi, nataka za chini ya vitako, mchana, karibu na dirisha.